Jeli yako haisimami? Onja kwanza hayo maji

Dada zangu mnaotengeza vipodozi nyumbani, leo naongelea kaboma, manake kila nikikaa na wenzangu wa biashara hii hapa Lamu kilio ni kimoja, jeli imekuwa kama uji wa mgonjwa, na mimi nililia hivohivo muda mrefu sana.

Kaboma ni ule unga mweupe mwepesi, polima ya kiwandani, yaani umeundwa kwa nyuzi ndefu ndogo zisizoonekana kwa macho, ndio unaoipa uzito jeli ya nywele na ya mikono. Ukiutia kwenye maji peke yake hauwi mzito, unabaki majimaji tena una asidi, pH yake (kipimo cha asidi, ikiwa chini ndio asidi kali) kama 3, nyuzi zake bado zimejikunja. Ukiongeza kostiki soda iliyoyeyushwa, kidogo tu, mpaka pH ifike 6 au 6.5 hivi, zile nyuzi zinapata chaji za umeme za aina moja, zinasukumana, zinafunguka, zinanywa maji, na hapohapo kitu kinasimama kwenye bakuli, wallahi mpaka leo nafurahi kila nikiona. Na gramu 5 kwa lita moja ya maji yatosha kabisa.

Sasa mimi nilikuwa natumia maji ya kisima cha nyumbani, huku Langoni, na visima vya mjini sote twajua vingi vina munyu. Jeli ikilegea naongeza unga, gramu 8, gramu 10, wapi! Nikazidisha kostiki nikidhani asidi haijaisha, na hilo ndio kosa baya zaidi kwa sababu ukipitiliza jeli inalegea tena na ngozi ya mtu inaungua. Oda ya harusi ikanipotea, chupa 30, na nikamgombeza bure muuzaji wa unga. Siku moja nikachukua jeli nzuri ya dukani nikanyunyiza munyu kwa vidole viwili juu yake, nikakoroga, ikayeyuka nikiiangalia. Nikaenda nikaonja maji ya kisima. Hapo nikaelewa.

Chumvi inazifunika zile chaji, nyuzi haziskumani tena, zinajikunja na kuyaachilia maji. Ndio maana jeli ukipaka kwenye ngozi yenye jasho inakuwa maji mara moja. Na alovera mbichi nayo ina chumvichumvi zake, ukikamua nyingi inalegeza jeli hata kama maji ni safi.

Kwa hivo tafuta maji ya distildi, yale yaliyotolewa chumvi kwa mvuke, usiyaonee uchungu pesa. Unga unyunyize juu ya maji pole pole, usiumwage, la sivyo utapata madonge yaliyo makavu ndani, halafu uache ulale usiku kucha. Kostiki iwe ya mwisho, tone kwa tone, karatasi ya pH mkononi (na ukiiyeyusha, kostiki ndio hutiwa kwenye maji, usimwagie maji juu yake, itakurukia usoni). Ikishasimama usiirudishe kwenye blenda, nyuzi zinakatika. Na chupa zinazoonyesha ndani usiziweke dirishani, jua hulegeza jeli pia. Kihifadhi usisahau, joto letu hili ukungu hauchelewi.

Kama mteja anataka alovera nyingi mimi siku hizi namtengezea kwa zanthani, unga mwingine wa kuzidisha uzito, hiyo inavumilia chumvi, ijapokuwa inateleza kidogo kama bamia na haing'ai vile. Namwambia hivo kabla hajalipa.