Besiboli na mvua: usilinde beti ya inningi tisa kwa beti ya inningi tano

Mkuu, kama hujabonyeza, usibonyeze.

Umeandika kwamba usiku wa leo unaweka mzigo mkubwa kwenye handikapu ya wenyeji -1.5 (yaani washinde kwa tofauti ya pointi mbili au zaidi), kisha unajikinga kwa kuweka kiasi kidogo wageni washinde. Umesema utabiri wa huko unaonyesha mvua ya radi, ila huna wasiwasi kwa sababu "ikishafika inningi ya tano, beti zote zinahesabika." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonila hela zangu, tena kwa mpango uleule wa beti mbili. Aliyekupa hiyo hajawahi kufungua ukurasa wa kanuni za kampuni yoyote.

Ukweli uko hivi. Inningi ni raundi moja, kila timu ikipata zamu yake ya kupiga, na mechi nzima ni inningi tisa. Ligi ya Marekani, MLB, inasema inningi tano zikikamilika, au nne na nusu kama wenyeji wako mbele, mechi ni rasmi. Mvua ikizidi na mwamuzi akaifunga, anayeongoza kashinda na matokeo yanaingia kwenye msimamo. Hapo hakuna ubishi, na kampuni nyingi za kubeti zinaifuata kanuni hiyo kwenye beti ya mshindi. Mshindi peke yake! Handikapu na ova/anda (jumla ya pointi kuzidi au kutofika namba fulani) zina kanuni tofauti: zinataka inningi tisa, au nane na nusu kama wenyeji wanaongoza. Mechi ikikatika kabla ya hapo, kwa kawaida beti inafutwa na unarudishiwa ulichoweka, hata kama ulikuwa unashinda kwa mbali.

Na wana sababu. Odds za handikapu na za jumla ya pointi zimepigiwa hesabu ya mechi nzima, wapigaji wa kila timu watolewe mara 27. Ukiikata katikati, aliyecheza anda 8.5 anapewa zawadi, maana timu zimepata nusu ya muda wa kufunga. Mwenye -1.5 naye hali yake si ileile, kwa sababu wageni wamenyang'anywa inningi za kurudisha. Kwa hiyo wanafuta. Mshindi hawafuti kwa kuwa ligi yenyewe imeshamtangaza.

Sasa nenda nami taratibu kwenye hesabu, maana ndipo unapoelekea kuumia.

Niliweka laki tano wenyeji -1.5, odds 2.30. Nikaweka laki tatu wageni washinde, odds 2.40. Jumla laki nane. Wenyeji wakishinda kwa tofauti ya pointi mbili au zaidi, inarudi milioni moja na laki moja na nusu, faida laki tatu na nusu. Wageni wakishinda, inarudi laki saba na ishirini elfu, nimepoteza elfu themanini tu. Kilichobaki ni wenyeji kushinda kwa pointi moja, nipoteze zote, na hiyo nilishaipima nikaikubali. Ukiiangalia kwenye karatasi ni kinga nzuri. Hata leo ningekuonyesha bila mvua ungesema nimepanga vizuri.

Mechi ya saa moja na dakika tano usiku kule pwani ya mashariki ya Marekani, wakati wa kiangazi chao, kwetu inaanza saa nane na dakika tano usiku. Nikakaa macho. Wenyeji wakafunga mapema, wakaongeza, na inningi ya saba ilipokamilika ubao ulikuwa 5–1. Nilikuwa nahitaji tofauti ya mbili, ninayo ya nne. Halafu vijana wa uwanja wakaingia mbio na lile turubai kubwa, wanalivuta kufunika uwanja wa ndani, na kwenye simu pale palipokuwa pakiandikwa inningi pakaandikwa "Imesimama." Besiboli haina saa ya kuhesabu dakika. Waamuzi wanaweza kusubiri wanavyoona, turubai likalowa, watu wakaondoka majukwaani, wewe unakodolea neno moja. Hatimaye wakaifunga. Wenyeji washindi, 5–1, rasmi.

Nilichokuta kwenye tiketi: wageni kushinda, umepoteza. Wenyeji -1.5, imefutwa, laki tano imerudishwa.

Isome tena hiyo. Beti iliyokuwa inashinda ilifutwa, kinga yake ikahesabika ikaliwa. Badala ya faida ya laki tatu na nusu, hasara ya laki tatu. Pengo la laki sita na nusu, kwenye mechi ambayo timu niliyoitaka ilishinda kwa tofauti niliyoitaka! Na kinga ndiyo iliyonikata: ningeiweka -1.5 peke yake, nisingepoteza hata shilingi.

Yule jamaa aliyekuwa anauza mikeka ya usiku (beti kadhaa zilizounganishwa kwenye tiketi moja) kwenye kundi la Telegram, ambaye watu walikuwa wanamlipa kila wiki, ndiye aliyeandika kwa herufi kubwa kwamba inningi tano zikitimia kila kitu ni halali. Nilipomrudia na picha ya tiketi akasema kampuni imenidhulumu, nihame, nijiunge na nyingine kupitia namba yake ya mualiko. Hakusema samahani. Kesho yake akapandisha ujumbe uleule, herufi kubwa zilezile, kwa wateja wapya. Mtu anayechukua hela za watu kuwafundisha mchezo halafu hajui tofauti ya mshindi na handikapu siku ya mvua hastahili hata kusalimiwa. Na nina wasiwasi wewe umeitoa kwake hiyo sentensi, kwa sababu imefanana neno kwa neno.

Kampuni yenyewe siwezi kuisingizia. Mhudumu wao alinibandikia aya ya kanuni, nikaisoma, ilikuwa imeandikwa waziwazi. Ninachowalaumu, na hapa nalaumu karibu wote, ni mahali wanapoificha. Ukurasa wa kanuni unaanza na mpira wa miguu, unashuka unashuka, besiboli iko huko chini, kwa Kiingereza cha mawakili, na kwenye tiketi yenyewe hakuna hata alama inayokuonya kwamba beti zako mbili za mechi moja zinaamuliwa kwa vipimo viwili. Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ingewalazimisha waandike neno moja tu pembeni ya kila beti, "inningi 9" au "inningi 5," watu wangepona.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka uchoke: beti mbili za mechi moja ziwe na kipimo kimoja. Usilinde beti ya inningi tisa kwa beti ya inningi tano. Unataka kulinda -1.5? Ilinde kwa handikapu nyingine au kwa jumla ya pointi, ili mvua ikifuta moja ifute na nyingine, hela zote zirudi, ulale. Unataka kucheza mshindi? Cheza mshindi, usiifunge kamba na kitu kinachosubiri inningi ya tisa. Au hamia kabisa kwenye soko la inningi tano za mwanzo, ambako mshindi, handikapu na jumla zote zinataka inningi tano zichezwe. Hapo mvua ya inningi ya saba haikuhusu tena.

Mkeka nao usikudanganye. Beti iliyofutwa ndani ya mkeka inahesabiwa odds 1.00. Ukiwa na 1.80, 1.90 na 2.30, elfu kumi ilikuwa inakupa elfu 78 na ushee. Mvua ikifuta hiyo ya 2.30, zinabaki elfu 34 na mia mbili. Na mara nyingi inayofutwa ni ileile yenye odds nene, kwa sababu handikapu na jumla ndizo tunazozitumia kunenepesha mkeka.

Kuna na mechi inayosimama ikiwa sare. MLB hawaifungi, wanaiahirisha iendelee siku nyingine kutoka ilipoishia. Kampuni nyingi haziisubiri: kuna zinazorudisha hela, kuna zinazoangalia inningi ya mwisho iliyokamilika. Mfano mkubwa ni fainali za mwaka 2008, mechi ya tano, Philadelphia Phillies na Tampa Bay Rays. Ilianza Oktoba 27, Rays wakasawazisha 2–2 kwenye nusu ya kwanza ya inningi ya sita, mvua ikawatoa uwanjani, na ikaja kumaliziwa Oktoba 29. Phillies wakashinda 4–3 wakachukua ubingwa. Baada ya hapo ligi ikaamua kwamba mechi za mtoano lazima zichezwe mpaka mwisho hata zikichukua siku. Kwa hiyo Oktoba, mwezi wa mtoano, swali lako linageuka: mechi haitakatwa, lakini je, kampuni yako itasubiri kesho kutwa, au ina kikomo cha saa kadhaa kisha inafuta? Hilo nalo liko kwenye ukurasa uleule usioufungua.

Ova iliyokwisha kupita pia wanatofautiana. Umecheza ova 8.5, pointi zimefika kumi, mvua inanyesha inningi ya sita. Kuna kampuni zinalipa kwa kuwa matokeo hayawezi kubadilika tena, na kuna zinazofuta bila kuangalia ubao. Usikisie.

Viwanja vyenye paa la kufungwa, kama Toronto, Houston, Milwaukee, Phoenix, Miami, Seattle na Arlington, havina shida hii. Ila usitembee na orodha ya zamani. Tropicana Field ya Rays ilikuwa na paa miaka yote, kimbunga Milton kikalichana Oktoba 2024, na msimu wa 2025 Rays wakacheza nyumbani kwenye uwanja wa wazi kule Tampa, mji wa mvua za radi za jioni. Aliyekuwa anawahesabu Rays kama timu ya uwanja wenye paa mwaka huo alikuwa anacheza kipofu.

Mengine uliyouliza, mrushaji gani wa kuangalia na kampuni ipi inatoa hela haraka kwenye simu, watakujibu wengine. Mimi usiku wa leo nataka hili moja likae. Kama beti ya wageni umeshaiweka, angalia sasa hivi kama tiketi ina kitufe cha kutoa hela kabla ya mechi, uitoe hata kwa kukatwa kidogo, ubaki na -1.5 peke yake. Kisha shuka kwenye kanuni za kampuni yako, sehemu ya besiboli, piga picha aya inayotaja inningi tisa na ile inayotaja mechi kuahirishwa, uzilete hapa tuzisome kabla ya saa nane.