Njoo na karatasi uliyoiandika mwenyewe: kwa wanaoanza tuisheni ya sheria ya jinai

Jumamosi iliyopita, kwenye baraza ninakofundishia pale Sinza, binti mmoja wa mwaka wa kwanza alifika kwa wakati, akaketi, akaweka simu mezani, akawasha kinasa sauti, kisha akaniambia kwa adabu, "Kaka, naomba unieleweshe makosa ya kuua, yote, kuanzia mwanzo." Nilimuuliza amesoma nini, akajibu kwamba amehudhuria mihadhara yote na ana madesa, yaani nakala za maelezo ya somo, ya mwaka jana. Nilimuuliza ameandika nini, akanyamaza. Huyo alikuwa wa nne kuja hivyo muhula huu. Wote wanne ni vijana wenye akili na bidii, wamepanda daladala mbili kwenye foleni ya Ubungo na kulipa fedha ambayo ingewatosha chakula cha siku kadhaa kabla bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi, halijaingia, na ninaumia kuona wanakuja kununua kitu ambacho tayari wanacho. Kwa hiyo nawaandikia, wadogo zangu, mambo ambayo ningependa kuambiwa kabla sijaketi kwenye kiti hicho. Vifungu nitakavyotaja bila kutaja sheria ni vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kwa namba za toleo la 2022.

1. Tuisheni ya mtu mmoja si mhadhara wa pili. Ukumbini mnakaa mamia, mwalimu hawezi kujua wewe umepotelea wapi, na ndiyo maana unatafuta mtu wa kukaa naye peke yenu. Sasa ukifika ukaniacha nizungumze saa mbili huku simu ikirekodi, umeurudisha ule ukumbi barazani, na mimi nitaondoka bila kujua umepotelea wapi. Uzime huo mkanda. Sijapata kumwona mwanafunzi aliyeusikiliza hadi mwisho.

2. Usimpelekee mwalimu wako jibu la mtu mwingine. Hili nitalieleza kwa urefu, kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe na liligharimu karibu mwaka mzima wa imani yangu kwamba ninaweza kazi hii.

Nilikuwa mwaka wa kwanza, na somo la jinai lilinielemea tangu wiki ya nne. Wakili mmoja kijana, rafiki wa kaka yangu, alikubali kunifundisha kila Jumatano jioni katika ofisi yake ndogo Kariakoo, wateja wakishaondoka, na hakutaka malipo. Alikuwa na utaratibu mmoja tu. Kila wiki alinipa swali la mtihani wa zamani, nami nilijibu kwa mkono bila kutazama chochote isipokuwa Sura ya 16, kisha alilisahihisha mbele yangu, sentensi kwa sentensi, akiniuliza kila mara, "Hili umelitoa wapi?" Wiki mbili za mwanzo niliandika mwenyewe, na wino wake mwekundu ulikuwa mwingi kuliko wino wangu wa bluu. Niliona aibu kubwa. Nilikuwa nimeongoza darasa tangu shule ya msingi, na sikuzoea kutazamwa nikikosea.

Wiki ya tatu swali lilihusu chanzo cha kifo. Katika madesa niliyoyanunua kwenye kibanda cha fotokopi kulikuwa na swali linalofanana nalo, pamoja na jibu zuri la mwanafunzi wa miaka ya nyuma. Nikalinakili kwa mwandiko wangu, nikabadilisha majina ya wahusika, na nikaharibu sentensi mbili kwa makusudi ili lisionekane limekamilika mno. Wakili alilisoma mara mbili. Akavua miwani, akanipa mkono, akasema, "Mdogo wangu, hapa umevuka. Chanzo cha kifo tumekimaliza, twende mbele." Tukaenda mbele kweli. Jumatano zilizofuata tulizitumia kwenye wizi, unyang'anyi na utetezi wa ulevi, yeye akijenga juu ya msingi aliodhani upo, na kila alipogusia jambo la wiki ile ya tatu niliitikia "naam" na kuinamisha macho.

Mtihani ukafika. Swali la lazima lilikuwa la majirani wawili waliogombana kwenye foleni ya maji, mmoja akampiga mwenzake mchi kichwani. Majeruhi alikataa kwenda hospitali, akajifunga kitambaa nyumbani, jeraha likaoza, na siku ya tisa akafariki. Mshtakiwa alijitetea kwamba marehemu amekufa kwa ukaidi wake mwenyewe. Niliandika kurasa mbili nikimuunga mkono mshtakiwa. Nilieleza kwa kujiamini kwamba uhusiano kati ya pigo na kifo ulikatika pale majeruhi alipokataa matibabu.

Kifungu cha 203 kinasema kinyume chake waziwazi. Mtu huhesabiwa kuwa amesababisha kifo hata kama jeraha alilolitia lisingeua iwapo majeruhi angekubali matibabu yanayofaa, na hiyo ni aya ya (b), ambayo mtahini aliisimulia karibu neno kwa neno akiwa ameivisha kanga na kuitwisha ndoo. Lililoniuma zaidi nililigundua usiku ule nilipofungua daftari langu. Lile jibu nililolinakili lilikuwa na kifungu cha 203. Lilikuwa na kesi ya Blaue ya Uingereza ya mwaka 1975, ya msichana aliyechomwa kisu akakataa kuongezewa damu kwa sababu ya imani yake, na aliyemchoma akabaki na hatia ya kuua bila kukusudia. Niliyaandika yote hayo kwa mkono wangu, herufi kwa herufi, na hakuna hata moja lililopita kichwani.

Nilipata sapu, yaani mtihani wa kurudia. Nilikaa wiki mbili bila kwenda Kariakoo, kisha nikaenda na kumweleza wakili kila kitu, pamoja na zile sentensi mbili nilizoziharibu kwa makusudi. Hakunigombeza. Alifungua mtoto wa meza, akaitoa ile karatasi, kwa kuwa alikuwa ameitunza, akaitazama muda mrefu, akasema, "Basi nilikuwa namsahihisha mtu mwingine, wewe nikakuacha njiani." Kisha akanipa karatasi nyeupe na kuniagiza nitunge kisa kimoja kwa kila aya ya kifungu cha 203, kuanzia (a) hadi (e), visa vya mitaani kwetu, vyenye watu ninaoweza kuwaona. Tulifanya hivyo hadi saa tatu usiku. Sapu niliifaulu, lakini uso wake alipokuwa akiitazama ile karatasi bado ninao hadi leo.

Kwa hiyo ukiniletea jibu lako baya nitafurahi, nawe uamini furaha hiyo. Jibu baya lililo lako linanionyesha njia uliyopita. Jibu zuri la mwenzako linanifungia mlango, na wewe ndiye unayebaki nje.

3. Eleza kwa Kiswahili kwanza, ndipo uandike kwa Kiingereza cha mtihani. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, ilhali vyuoni bado tunafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, na kati ya lugha hizo mbili kuna shimo ambalo wengi wenu mnatumbukia bila kujua. Kosa la kifungu cha 196 tunaliita kuua kwa kukusudia. Mwanafunzi akilisikia jina hilo hudhani kwamba ni lazima mshtakiwa awe alikusudia kuua. Sivyo. Soma kifungu cha 200 polepole: nia ovu, ambayo ndiyo inayotakiwa katika kosa hilo, inathibitika pia kwa kukusudia kumtia mtu madhara makubwa ya mwili, au kwa kujua kwamba tendo lako huenda likasababisha kifo au madhara hayo. Chuki haihitajiki, wala mpango wa siku nyingi. Kijana mmoja niliyemfundisha aliniandikia mara tatu mfululizo kwamba mshtakiwa hana hatia ya kuua kwa kukusudia kwa sababu "hakuwa na ugomvi na marehemu", na sikujua kosa linatoka wapi hadi nilipomwambia afunge daftari na anieleze neno "ovu" kama angemweleza bibi yake. Akasema ni ubaya wa moyo, kinyongo. Hapo tukalipata. Tofauti hiyo si ndogo, kwani adhabu ya kifungu cha 197 ni kifo, na ya kuua bila kukusudia, chini ya kifungu cha 198, ni hadi kifungo cha maisha.

4. Mtahini hatii neno bure katika swali. Akiandika "mchi", "kichwani", "mara tatu", "akakimbia", anakuita uzungumze na kesi ya Enock Kipela dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 150 ya mwaka 1994, ambamo Mahakama ya Rufani ilitaja mambo yanayosaidia kuitambua nia ovu: aina na ukubwa wa silaha, nguvu iliyotumika, sehemu ya mwili iliyolengwa, idadi ya mapigo, aina ya majeraha, maneno ya mshambuliaji, na mwenendo wake kabla na baada ya tukio. Mnaikariri orodha hiyo vizuri sana, halafu mnaibandika kwenye jibu kama tangazo ukutani na kuhamia aya inayofuata. Chukua kalamu, pigia mstari kila neno la swali linalogusa jambo mojawapo, kisha andika sentensi moja ya uchambuzi kwa kila mstari. Alama ziko hapo.

5. Mkimbie mwalimu wa tuisheni anayekuahidi maswali yatakayotoka.

6. Angalieni toleo la sheria. Toleo la 2023 lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2025, na katika baadhi ya sheria, ikiwemo ile ya Ushahidi, namba za vifungu zimehama, kwa hiyo madesa ya kaka zenu yanaweza kuwapeleka kwenye kifungu kisichohusika kabisa.

7. Nenda ukakae mahakamani asubuhi moja, Kisutu au Mahakama Kuu, uvae kwa heshima na unyamaze. Nilimpeleka huko mwanafunzi aliyekuwa haoni maana ya kuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka ya msingi, akamsikia shahidi akiulizwa kuhusu mwanga wa taa, umbali, na muda aliomtazama mtu aliyesema amemtambua usiku. Njiani kurudi, ndani ya daladala, alinifafanulia kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, inayohusu utambuzi wa namna hiyo, vizuri kuliko nilivyowahi kumfafanulia mimi, hata abiria wawili wakageuka kumsikiliza.

8. Anza wiki ya tatu ya muhula, si wiki ya tatu kabla ya mtihani.

Yule binti wa Jumamosi nilimwomba azime simu, nikampa karatasi na swali fupi: mtu amenyanyua begi la abiria pale Stendi ya Magufuli, akalisogeza hatua moja, akaona askari, akaliacha. Je, ameiba? Alikaa dakika ishirini na tano. Aliandika mistari minne, akafuta miwili. Iliyobaki ilisema kwamba hajaiba kwa sababu hakuondoka na begi. Nikamwomba afungue kifungu cha 258 na asome kwa sauti, na alipofika penye kijifungu cha (5), panaposema kwamba mtu hahesabiwi kuwa amechukua kitu mpaka amekisogeza au amesababisha kisogee, alinyamaza, akarudi nyuma, akasoma tena. "Kaka," akasema, "kumbe hatua moja inatosha." Nikamwambia inatosha kwa upande wa tendo, na nikamuuliza je, upande wa nia. Akachukua kalamu bila kuambiwa. Wiki hii anarudi na karatasi mbili.