Maswali ya Wasomaji: Anga Lilifunguliwa, Mbona Wageni Hawakuja?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu kutoka Arusha, Moshi na vijiji vya kando ya barabara inayounganisha miji hiyo zinauliza, kila moja kwa namna yake, kilichotokea katika viwanja vya ndege wakati wa janga la UVIKO-19. Tumechagua tano. Mbili tumezifupisha kwa kuwa waandishi wake walikuwa na mengi ya kusema kuhusu waajiri wao, jambo ambalo safu hii haina uwezo wa kuliamua.

Ndugu Mhariri, mimi ni dereva wa watalii. Serikali yetu ilifungua anga mwezi Mei 2020, wakati nchi nyingi zilikuwa bado zimefunga. Tuliosha magari tukakaa kusubiri, lakini Julai na Agosti, ambayo ndiyo miezi yetu ya kazi, ilipita na wageni ni wa kuhesabu. Kama mlango ulikuwa wazi, nani aliwazuia? — Dereva, Sakina, Arusha

Ndugu yetu, mlango uliofunguliwa ulikuwa mmoja, ilhali safari ya ndege ya kimataifa ina milango miwili, na kwa wageni wengi wanaokuja Kaskazini mwa nchi yetu ina mitatu.

Tuanze na wa kwetu. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa ameingia kupitia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) siku moja kabla. Katikati ya Aprili, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ilisimamisha ndege zote za abiria za kimataifa, huku ndege za mizigo na za dharura zikiendelea kuruhusiwa. Tarehe 18 Mei zuio hilo liliondolewa pamoja na sharti la karantini ya siku 14. Kwa hiyo, kwa sheria zetu wenyewe, anga lilifungwa kwa takriban wiki tano tu.

Mlango wa pili ni wa nchi anakotoka mgeni. Umoja wa Ulaya ulikubaliana kufunga mipaka yake ya nje kwa safari zisizo za lazima tarehe 17 Machi 2020, na ulipoanza kuifungua tarehe 1 Julai ulitoa orodha fupi ya nchi ambazo wasafiri wake wangeruhusiwa kuingia. Rwanda ilikuwamo, Tanzania haikuwamo. Vigezo vya orodha ile vilitegemea takwimu za maambukizi, na nchi yetu ilikuwa imeacha kutoa takwimu mpya tangu mwisho wa Aprili. Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu uamuzi huo, lakini matokeo yake katika usafiri wa anga yalikuwa dhahiri. Ni kweli kwamba orodha ilihusu wanaoingia Ulaya, si Wazungu wanaotoka kwenda kupanda mlima. Hata hivyo, shirika la ndege haliwezi kuendesha safari kwa kuuza viti vya upande mmoja tu, na mtalii hufikiria safari ya kurudi kabla hajalipia ya kwenda. Mfano ulio wazi zaidi ulitokea Januari 2021, Uingereza ilipoiweka Tanzania katika orodha yake nyekundu. Kuanzia tarehe 15 Februari, mkazi wa Uingereza aliyerejea kutoka huku alilazimika kukaa karantini hotelini kwa gharama yake mwenyewe, pauni 1,750 kwa mtu mmoja, fedha ambazo zingeweza kumpeleka mtu huyo huyo Serengeti mara nyingine. Tanzania iliendelea kuwa katika orodha hiyo hadi Oktoba 2021. Ongeza na bima: kampuni nyingi za bima ya safari hazimlipi mteja aliyekwenda nchi ambayo serikali yake imemshauri asiende.

Mlango wa tatu ni wa kati, mahali pa kubadilishia ndege, nao ulituumiza kuliko tunavyopenda kukiri. Wageni wengi wa mlima na mbuga hupitia Nairobi, ama kwa ndege hadi KIA, ama kwa basi dogo kupitia Namanga. Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa mwishoni mwa Machi 2020 na kuzirejesha tarehe 1 Agosti, lakini orodha yake ya kwanza ya nchi zilizoruhusiwa haikuitaja Tanzania. Tanzania ikajibu kwa kuizuia Kenya Airways, kisha mwishoni mwa Agosti ikaongeza Fly540, Safarilink na AirKenya Express. Mvutano huo uliisha tarehe 16 Septemba, msimu mkubwa ukielekea ukingoni. Kwa maoni ya safu hii, ule ulikuwa ugomvi wa majirani wawili wanaotegemea wageni wale wale, na hakuna kati yao aliyepata hata mgeni mmoja wa ziada kwa sababu yake.

Ndiyo maana idadi ya watalii wa kimataifa nchini ilishuka kutoka 1,527,230 mwaka 2019 hadi 620,867 mwaka 2020, ingawa anga letu lilikuwa wazi kwa sehemu kubwa ya mwaka huo.

Mhariri, nina kibanda cha chakula karibu na njia panda ya KIA. Kwa miezi kadhaa ndege zilikuwa chache mno, lakini taa za uwanja ziliwaka na wafanyakazi walipita asubuhi kama kawaida. Kwa nini wasingefunga uwanja, waokoe fedha, wafungue janga likiisha? — Mama Lishe, Hai

Mama, uliona sawasawa, na hapo ndipo penye ugumu wote wa biashara ya kiwanja cha ndege: gharama zake hazitegemei idadi ya abiria, bali zinategemea kuwapo kwake. Iwe inatua ndege moja au thelathini, njia ya kurukia ndege ikaguliwe na kufagiliwa, uzio ulindwe wanyama wasiingie, mitambo ya mawasiliano ifanye kazi, mwongoza ndege awe kazini. Zimamoto ndio mfano mzuri zaidi. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) vinataka gari la zimamoto lifike sehemu yoyote ya njia ya kurukia ndani ya dakika tatu, na lengo hasa ni dakika mbili. Huwezi kuwaita askari wa zimamoto kutoka nyumbani ndege ikiwa tayari inakuja. Isitoshe, ndege za mizigo, za wagonjwa na za ndani ya nchi hazikukatazwa, na rubani anayekwenda kiwanja kingine huhitaji kujua kipo kiwanja mbadala kilicho wazi endapo hali ya hewa itamkatalia kutua.

Mapato, kwa upande mwingine, karibu yote yanamfuata abiria. Ada ya huduma za abiria imo ndani ya bei ya tiketi, na kwa safari ya kimataifa kutoka Tanzania ni dola 40. Abiria akikosekana, hakuna wa kuilipa. Kodi za maduka na maegesho huporomoka pamoja nayo. ICAO ilikadiria kwamba viwanja vya ndege duniani vilipoteza mapato ya dola bilioni 115 mwaka 2020. Heathrow ya London, iliyohudumia abiria milioni 80.9 mwaka 2019, ilibaki na milioni 22.1. Frankfurt, yenye njia kadhaa za kurukia, iliweza angalau kufunga moja na kuigeuza maegesho ya ndege zisizo na kazi. KIA ina njia moja tu. Ukiifunga hiyo, umefunga vyote.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu na ninataka kuwa fundi wa ndege. Je, ndege ikiegeshwa mwaka mzima bila kuruka, huharibika? — Mwanafunzi, Soweto, Moshi

Marahaba. Huharibika isipotunzwa, na utunzaji wake ni kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani. Mafundi huziba injini na matundu yote, huzungusha magurudumu ili matairi yasielemewe upande mmoja, hupima mafuta kwa kuwa vijidudu huweza kuota ndani ya matangi, na huwasha injini kwa ratiba. Mashirika mengi yalizipeleka ndege zao kwenye maeneo makavu, kama Teruel nchini Hispania na Alice Springs nchini Australia, kwa sababu unyevunyevu huleta kutu.

Wadudu nao si wa kudharauliwa. Kuna mirija midogo nje ya ndege inayopima mgandamizo wa hewa ili rubani ajue mwendo wake. Mdudu akijenga humo, vipimo vinadanganya. Mwaka 2020 mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ilitoa tahadhari juu ya jambo hili, na mwezi Julai mwaka huo ile ya Marekani iliagiza ukaguzi wa haraka wa Boeing 737 zilizokuwa zimeegeshwa, baada ya valvu za injini kupata kutu na injini kuzimika angani. Marubani pia huhitaji kutunzwa: rubani asiyeruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 haruhusiwi kubeba abiria mpaka arudie, na wengi walifanya hivyo kwenye mitambo ya kuigiza urukaji. Soma fizikia na hisabati kwa bidii, na usikipuuze Kiingereza, kwani miongozo ya ufundi wa ndege huandikwa kwa lugha hiyo.

Nilikuwa kibarua katika shamba la maua. Tuliambiwa hakuna ndege, na huku redio inasema ndege za mizigo zinaruhusiwa. Ukweli ni upi? — Usa River

Yote mawili ni kweli. Karibu nusu ya mizigo ya anga duniani husafiri katika tumbo la ndege za abiria, hivyo abiria walipokoma, nafasi ya mizigo ilipotea nao na bei ya iliyobaki ikapanda. Maua na mboga za Arusha zinazopitia Nairobi zilikwama pia Namanga mwezi Mei 2020, madereva wa malori walipokuwa wakisubiri kupimwa. Lakini hata ua lililofika Uholanzi halikuwa na uhakika: katikati ya Machi mnada wa Aalsmeer ulikuwa ukiteketeza maua kwa kukosa wanunuzi.

Nina ofisi ndogo ya kupandisha wageni mlimani. Mwaka 2022 janga lilikuwa limepungua, lakini kundi langu moja lilifika KIA na mabegi yao yakabaki katika uwanja mmoja mkubwa wa Ulaya. Tuliwakodishia viatu na makoti mjini. Kwa nini mambo yaliharibika watu waliporudi kusafiri? — Moshi

Kwa sababu abiria hurudi haraka kuliko wafanyakazi. Viwanja na kampuni za kuhudumia ndege zilikuwa zimepunguza watu wengi mwaka 2020, na wengi wao walipata kazi kwingine. Mpakia mizigo mpya haanzi kazi siku anayoajiriwa: lazima achunguzwe kiusalama, apewe kibali na mafunzo, na hilo huchukua wiki nyingi. Mambo yalizidi uwezo kiasi kwamba Julai 2022 Heathrow iliweka kikomo cha abiria 100,000 wanaoondoka kwa siku, na Schiphol ya Amsterdam nayo ikaweka kikomo chake.

Hali imetulia tangu wakati huo, na mwaka 2024 usafiri wa anga duniani ulivuka kiwango cha 2019. Hata hivyo, begi bado huweza kupotea pale mgeni anapobadilisha ndege kwa muda mfupi. Waandikie wageni wako mapema kwamba viatu vya mlimani wavivae ndani ya ndege, na dawa, koti zito na soksi waziweke katika begi la mkononi. Hema na mfuko wa kulalia vinapatikana Moshi, lakini kiatu kilichokwisha kuzoea mguu hakikodishwi. Begi lisipotokea, mgeni asitoke katika ukumbi wa kuwasili kabla hajajaza fomu ya upotevu na kupewa namba ya kumbukumbu, maana bila namba hiyo madai yake yatakuwa magumu. Aache pia simu ya ofisi yako, si yake, kwa kuwa yeye atakuwa mlimani.