Wezi wakivunja nyumba yako ugenini, usihame kwa hofu

Wiki iliyopita nimepata ujumbe kutoka kwa mdogo wangu mmoja anayeishi Birmingham. Ametoka kazini akakuta mlango umevunjwa, kompyuta hakuna, pasi ya kusafiria hakuna, nguo za mtoto zimemwagwa sakafuni. Mwishoni ameandika: "Dada, kule siwezi kulala tena. Nimeona nyumba mtandaoni, mwenyewe yuko Hispania, anataka nitume hela kesho ndipo anitumie funguo. Nifanyeje?" Nilimpigia hapohapo nikamwambia asitume hata senti. Mengine nayaandika hapa, kwa sababu tuko wengi huku Uingereza tunaohangaika kujenga maisha, na jambo hili limenifika mimi mwenyewe nikiwa Leeds.

Nilikuwa natunza wazee, shifti za usiku. Mtu anayeishi peke yake na kutoka jioni saa ileile, mtaa mzima unamjua. Waliingilia mlango wa jikoni. Kompyuta sikuililia. Kilichoniuma ni hereni za dhahabu alizonivisha mama siku naondoka Tanga, na fedha za mchezo, ule wa kuchangishana na kupokea kwa zamu. Mimi ndiye niliyekuwa kijumbe, mkusanyaji wa michango, na wenzangu walikuwa wamenikabidhi fedha taslimu mchana wake ili kesho nimpelekee mwenye zamu ya kupokea.

Niliwaambia wote asubuhi ileile. Wengi walinipa pole. Wengine wakauliza kwa maneno ya kuzunguka, mwizi alijuaje? Na mmoja, ambaye nilimpikia uji na supu tangu alipotoka hospitali na mwanawe hadi alipopata nguvu, alimwambia mwenzake kwamba fedha nimezitafuna mwenyewe. Nikanyamaza, nikaomba shifti za ziada wikiendi, nikamlipa kila mtu mpaka senti ya mwisho. Leo hakuna anayeweza kusimama mbele yangu akasema ananidai. Lakini neno lile bado liko kifuani, sitasema uongo. Mchezo wetu sasa unapita benki, kutoka akaunti ya mtoaji moja kwa moja hadi ya mpokeaji, na kijumbe anabaki na daftari tu. Fanyeni hivyo.

Turudi kwenye mlango uliovunjwa. Ukihisi mwizi bado yumo, usiingie. Kaa mbali upige 999. Kama ameshaondoka, piga 101 au toa taarifa kwenye tovuti ya polisi wa eneo lako, na usifagie wala kupanga kitu kabla hawajakwambia. Kwangu walikuja, wakapulizia unga wao kwenye kitasa, na mwizi hakupatikana. Walichoniachia ni namba ya kumbukumbu ya tukio. Mdogo wangu, ilinde namba hiyo. Bima wanaitaka. Ubalozi wetu London unataka taarifa ya polisi unapoomba pasi nyingine. Mimi ilinisaidia mpaka kwenye mgogoro na mwenye nyumba.

Maana huyo ndiye aliyeniumiza kuliko mwizi. Aligongelea ubao kwenye mlango akaniambia bima yake hainihusu. Kwa vitu vyangu alisema kweli: bima ya mwenye nyumba hulinda jengo, vitu vyako unavikatia bima mwenyewe. Lakini mlango wa nje ni wa kwake. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 1985, kwa England, inamtaka mwenye nyumba atunze na kukarabati sehemu za nje za jengo, milango na madirisha yakiwemo. Nikamwandikia barua pepe, nikaweka picha na namba ya polisi. Akajibu kwa simu. Nikaandika tena. Kila alichosema kwa mdomo nilikirudisha kwa maandishi, mpaka akakubali mwenyewe kwamba tuvunje mkataba kwa makubaliano. Bila hivyo ningeondoka na kodi ingeendelea kunidai.

Kisha akataka kukata gharama ya mlango kwenye amana yangu, ile fedha ya dhamana niliyoweka nilipopanga. Hapo nilisimama. Amana huko England lazima iwekwe kwenye mfuko wa ulinzi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30, na mfuko huo una usuluhishi wa bure. Nikapeleka barua zangu zote, na amana ikarudi nzima. Asiyeilinda anaweza kuamriwa na mahakama akulipe mara 1 hadi mara 3 ya kiasi hicho. Watu wetu wengi wanaachia tu, wanasema "sitaki matatizo na mzungu". Hela yako uliitolea jasho. Idai.

Kupata nyumba mpya kulinichosha. Mawakala walitaka mdhamini mwenye kipato Uingereza, au kodi ya miezi 6 mkupuo. Nani anayo, baada ya kuibiwa? Nyumba nimeipata kwa Kiswahili. Mama mmoja wa Bukavu alinisikia kwenye basi nikiongea na dada yangu kwa simu, akaniambia, "Dada, kwetu chumba iko." Kumbe mwenye nyumba wake alikuwa na nafasi ghorofa ya juu. Nikapeleka barua ya mwajiri, hati za mshahara, na msimbo unaotolewa kwenye tovuti ya serikali kuthibitisha ruhusa yangu ya kuishi. Mdhamini hakuulizwa tena.

Ndiyo maana nawaambia, msifiche. Tumelelewa kusitiri, tunaogopa nyumbani watasema tumeshindwa, basi mtu analala na kisu chini ya mto badala ya kumwambia jirani. Semeni. Semeni msikitini, kanisani, kazini. Na andikeni, kila kitu kiwe kwenye maandishi.

Sasa wewe wa Birmingham. Amana wasikutoze zaidi ya kodi ya wiki 5, na malipo ya kushikilia nyumba yasizidi ya wiki 1. Sheria mpya ya wapangaji ya 2025 nayo inazuia mwenye nyumba kudai zaidi ya kodi ya mwezi 1 mbele kwa mikataba inayoanza tarehe 1 Mei 2026 na kuendelea. Huyo wa Hispania mkatae, nyumba usiyoikanyaga usiilipie. Mwenye nyumba wa sasa mwandikie leo kuhusu mlango, unitumie nakala. Jumamosi sina shifti; ukienda kuangalia nyumba nipigie kwa video, tuzikague kufuli za milango na madirisha pamoja kabla hujasaini.