Mkono wa kulia haujakukosea

Wadogo zangu, Jumamosi nilisimama nyuma yenu saa nzima pale mnapofanyia mazoezi ya gofu, na roho iliniuma. Mnasimama vizuri, mnapandisha fimbo vizuri, halafu mkifika kileleni mkono wa kulia unarukia mpira kama mtu aliyeona nyoka. Mpira ukienda kulia au kushoto mnabadilisha fimbo. Tatizo si fimbo! (Mashoto, geuzeni maneno.)

1. Gumba na kidole cha shahada visibane. Shika kwa vidole viwili vya kati.

2. Msiuue mkono wenyewe. Hapa nisikilizeni, maana mimi nililipa. Shimo la 18, par 4 (la kumaliza kwa mikwaju minne), nilihitaji mikwaju 6 tu nichukue kombe. Mpira wa draiva, fimbo ndefu ya kuanzia, ulitua katikati, zikabaki yadi 150, nikachomoa aini 7, fimbo ya chuma. Mama alikuwa amekuja kunitazama kwa mara ya kwanza. Gumba likabana, mkono wa kulia ukatangulia nyonga, uso wa fimbo ukafunga, mpira ukatoka kushoto nje ya vigingi vyeupe vya mpaka wa uwanja. Nikadondosha mwingine, nikarudia kosa lilelile. Nilimaliza na 8.

Nikauchukia mkono wangu. Misimu miwili niliubeba kama mgonjwa, nikavuta fimbo kwa wa kushoto pekee, na aini 7 ikashuka hadi yadi 130. Mwishowe kedi (mbeba fimbo) mmoja mzee akanipa fyekeo, akaniambia nifyeke majani kando ya shimo la 4. "Mkono gani unakata?" Wa kulia, mzee. "Unafika lini?" Nikafyeka tena, polepole. Nyonga zilianza, kiwiko kikapita karibu na mbavu, kifundo kikiwa bado kimekunjika, kiganja kikafika mwisho kabisa. Nililia pale pale kwenye majani.

3. Msinitajie Phil Mickelson, bingwa wa gofu wa Marekani. Yeye anaandika kwa kulia na kucheza kwa kushoto, kwa hiyo mkono wake wenye nguvu uko juu kwenye gripu, yaani mshikio wa fimbo. Wenu uko chini, karibu na chuma, ndiyo maana una haraka.

4. Weji (fimbo fupi ya mipira ya karibu), mkono wa kulia peke yake, nusu swingi, mipira 20 kabla ya kugusa draiva.

Jumamosi nakuja na mafyekeo mawili. Saa 12 asubuhi, kabla wanachama hawajaingia.