Mto Umehama, Migono Bado Ipo Palepale

Wiki hii barua nyingi za wavuvi zimetoka Rufiji, moja Kilombero. Nawaomba tena: mkiuliza, semeni maji yana rangi gani, na yanapanda au yanashuka. Hata mganga huuliza unaumwa wapi.

SWALI: Maji yamekuwa mazito kama uji wa ulezi. Siku ya nne leo jarife halipati kitu. Nibadili nini? (Utete)

Litoe jarife, wavu wako huo, mkondoni kabla halijaondoka lenyewe. Maji yakipanda hivyo, samaki hakai katikati kushindana nayo. Huingia pembeni, kwenye majani yaliyozama na vijito vinavyoelekea mabwawani. Mfuate huko. Tena kwenye tope macho hayamsaidii. Kambale hutafuta kwa sharubu na kunusa, basi mpe kinachonuka: utumbo wa kuku uliolala, au kipande cha sabuni ya mche kama ncha ya kidole gumba, ndoana ikizama yote ndani. Usiniulize kwa nini kambale anapenda sabuni, anaipenda. Na usisimame majini kuvuta mshipi, vuta ukiwa mtumbwini. Mamba naye yuko pembeni, kwa sababu ileile iliyokupeleka wewe.

SWALI: Shikamoo mzee. Maji yanashuka haraka, mitego yangu ya migono niielekeze wapi? (Ikwiriri)

Marahaba. Huyu anautazama mto. Maji yakishuka, samaki waliokwenda mbugani hurudi mtoni kwa vijito vilevile. Mdomo wa mgono utazame bwawani, mkia utazame mtoni. Chomeka kijiti ukingoni, ukikate alama jioni. Ukikuta asubuhi maji yameshuka shubiri nzima, hamisha migono siku hiyohiyo, la sivyo kesho utawakuta kunguru wamekutangulia.

Lakini acha njia ya samaki. Niliwahi kukuta kijito kimezibwa ukingo hadi ukingo, matete juu, chandarua chini. Tulipokiinua kile chandarua kilikuwa kizito kama nguo mbichi, kimejaa vifaranga vya perege, wengine wadogo kuliko ukucha. Mwenyewe akaniambia ni mboga ya watoto. Mboga ya siku moja! Na chandarua chenyewe kiligawiwa ili watoto haohao wasiumwe malaria.

SWALI: Wavu gani ni mzuri?

Wa macho makubwa. Anayefuata.

SWALI: Tangu bwawa la umeme lijengwe, maji ni maangavu na samaki hawanasi. Wamefukuzwa? (Mloka)

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, na tangu hapo kila mtumbwi unaorudi mtupu kosa ni la bwawa. Nusu mna haki. Tope hutulia bwawani, yanayotoka chini yamechujwa, na perege analiona jarife lako la uzi mnene kama wewe unavyouona ua wa jirani. Tega usiku wa giza, si wa mbalamwezi. Tumia uzi mwembamba, wa rangi iliyofifia.

Nusu ya pili hamkuiuliza, nayo ndiyo kubwa. Maziwa yetu, Utunge, Ruwe, Zumbi na mengine, hulishwa na mto unapovuka kingo. Mto ukikaa ndani ya kingo zake mwaka baada ya mwaka, maziwa hunywea na mazalia huondoka nayo. Ukivuka kupita kiasi ndiyo ile Aprili 2024, mashamba ya Rufiji na Kibiti yakazama. Kwenye mkutano wa kijiji msiombe boti tu. Ombeni kuambiwa mapema maji yatafunguliwa lini, na kiasi gani, kabla mitego haijasombwa.

SWALI: Huku Kilombero kiangazi kimebakiza vidimbwi. Jirani anataka kutia sumu ya utupa. Inafaa?

Haifai, na Sheria ya Uvuvi ya 2003 inakataza sumu. Utupa hauchagui mkubwa na mdogo. Hao waliobaki kidimbwini ndio mbegu ya masika ijayo; kambale hupanda kuvuta hewa juu, kwa hiyo anaweza kuvumilia tope mpaka mvua irudi. Mwenye njaa atumie ndoana, achukue wawili watatu. Na jirani aulizwe: ng'ombe wake wanakunywa wapi?

SWALI: Maji yamekuwa mekundu, nifanyeje?

Soma jibu la kwanza. Mwezi uliopita uliuliza hivihivi, na hukusema uko mto gani.