Kibao cha "Mbwa Mkali" hakimkingi mwenye mbwa: yaliyonikuta mimi Morogoro

Pole sana kaka, na mpe pole mama mtoto. Umesema binti yako wa miaka saba aling'atwa jana jioni na mbwa wa jirani akitoka dukani, na mwenye mbwa amekupa 20,000 akasema kibao cha MBWA MKALI kipo getini, kwa hiyo yeye hana kosa. Maneno hayohayo niliambiwa mimi, na nikakaa karibu wiki nzima nikiyaamini. Ndiyo maana naandika kwa urefu.

Kabla ya sheria, mtoto. Kama kidonda hakijaoshwa, kioshwe sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Halafu hospitali leo hii, usisubiri kuona kama mbwa ataugua. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Chanjo ikiwahi, inazuia. Mimi nilipangiwa sindano siku ya 0, 3, 7, 14 na 28. Siku hizi kuna vituo vinavyochoma kwenye ngozi kwa siku chache zaidi, kwa hiyo fuata ratiba utakayoandikiwa na usiruke hata moja. Muulize daktari pia kama jeraha linahitaji ile sindano nyingine ya kinga inayochomwa kwenye kidonda chenyewe. Na wazuie vijana wa mtaa wasimuue mbwa. Akifungwa na kuangaliwa siku 10 na afisa mifugo, afya yake inawaambia madaktari jambo kubwa. Mbwa aliyening'ata mimi alihamishiwa shamba usiku uleule, kwa hiyo nilikamilisha sindano zote tano nikiwa na hofu.

Sasa hicho kibao.

Mimi nauza chapati na vitumbua, napeleka nyumba kwa nyumba alfajiri. Nilikuwa barabarani, si uani kwa mtu. Geti lilikuwa wazi kwa sababu gari lilikuwa linatoka, mbwa akachomoka, akanishika shavu la mguu. Mwenye nyumba alishuka garini akaninyooshea kidole kwenye kibao: "Mama, hujui kusoma?" Sikuwa na jibu.

Jibu nililipata kwa msaidizi wa kisheria, dada mmoja mtaratibu sana, aliyeniuliza swali moja tu: "Kwa nini mtu anaandika mbwa wake ni mkali?" Kwa sababu anajua. Na katika sheria tuliyorithi kwa Waingereza, anayefuga mnyama huku akijua ana tabia ya kudhuru watu anabeba madhara ya mnyama huyo. Kazi ngumu ya mlalamikaji huwa ni kuthibitisha kwamba mwenye mbwa alijua. Mwenzako ameshaiandika kwa rangi nyekundu na kuipachika getini. Kipige picha leo, geti lote lionekane pamoja na barabara, kabla hakijang'olewa. Changu kiling'olewa siku ya nne, nikabahatika kwamba muuza chipsi wa ng'ambo alikuwa na picha ya kijiwe chake na kibao kikaonekana nyuma.

Kibao kingemsaidia kama binti angekuwa ameingia uani bila ruhusa, au kama alikuwa akimchokoza mbwa. Hilo lazima ulijue, maana ndilo atakaloligeuzia. Mimi aligeuzia kwamba nilimrushia mbwa jiwe, kisha kwamba mbwa ni wa mlinzi. Mlinzi maskini aliambiwa akubali. Kilichovunja hadithi hiyo ni cheti cha chanjo cha miaka miwili nyuma, alichokuwa na kumbukumbu yake afisa mifugo wa kata, kikiwa na jina la mwenye nyumba. Nenda kwa afisa mifugo mapema. Utajua mara moja kama mbwa amechanjwa na ni wa nani.

Kuna na mashahidi. Mbwa yule alikuwa amemng'ata kijana muuza maji miezi kadhaa kabla yangu, mtaa mzima unajua. Lakini kijana alikuwa anauza maji nyumba ileile na hakutaka kusema. Nilimfuata mara tatu. Sikumlazimisha, nilimwambia tu kwamba nina watoto wanaopita pale. Mara ya tatu alivua shati, akanionyesha kovu la mkononi, akasema ataandika maelezo. Nilifika nyumbani nikalia. Kama kuna mtu aliyewahi kung'atwa na mbwa wa jirani yako, huyo ni shahidi wako mkubwa kuliko hata aliyeona tukio la jana, kwa hiyo mtafute kwa upole.

Polisi: nenda uchukue RB (namba ya taarifa yako kituoni) na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu). PF3 ijazwe na daktari na ubaki na nakala. Pale kituoni nilipokwenda mara ya kwanza niliambiwa mambo ya mbwa ni ya kusuluhishana. Si kweli kwamba ni hayo tu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inalifanya kuwa kosa la jinai mtu kuacha kwa uzembe kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye chini yake. Akitiwa hatiani, mahakama inaweza pia kuamuru akulipe fidia. Mimi jalada lilifunguliwa niliporudi na yule msaidizi wa kisheria.

Huduma yao ni bure. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi hawa wanatambuliwa nayo. Uliza ofisi ya kata au mahakama iliyo karibu, watakuelekeza. Nilidhani madai ya fidia yangekwenda Mahakama ya Mwanzo, nikaambiwa madai ya uzembe kama haya mahali pake ni Mahakama ya Wilaya. Muda wa kufungua ni miaka mitatu tangu siku ya tukio, lakini usiutegemee, ushahidi haungoji. Tangu 2021 lugha ya mahakama zetu ni Kiswahili, hati utaisoma mwenyewe.

Hesabu ndiyo iliyonifundisha zaidi. Gharama unazodai kwa kiasi maalumu lazima uzitaje moja moja na uzithibitishe. Maumivu, hofu na kovu, hizo mahakama inakadiria yenyewe. Mimi nilikuwa na risiti za sindano tano, 150,000, na za kusafisha kidonda na dawa, 64,000 (hakikushonwa, jeraha la mbwa halifungwi haraka). Nauli 40,000 haikuwa na risiti, nikamwomba dereva wa bodaboda aandike na kusaini. Siku 16 sikuuza kitu, nikakosa 240,000. Hapo niliokolewa na daftari la oda za wateja, lenye tarehe. Jumla 494,000. Wewe weka hata risiti ya pamba, na andika siku ambazo mama yake hakwenda kazini.

Kwa mwenyekiti wa mtaa tulikaa mara moja. Mwenye mbwa alileta 50,000 na karatasi iliyosema nimeridhika na sitadai tena chochote. Nilikuwa nimebakiza sindano mbili na sina hela. Mkono ulinitetemeka, lakini sikusaini, na namshukuru Mungu mpaka leo, kwa sababu kidonda kilioza wiki iliyofuata. Usisaini kitu chochote kabla matibabu hayajaisha, hata mbele ya wazee mnaowaheshimu.

Tulimwandikia barua ya madai, tukampa siku 14, tukaambatisha nakala za PF3, risiti, picha na maelezo ya muuza maji. Siku ya 12 alipiga simu yeye mwenyewe. Tukaandikiana 900,000 kwa awamu tatu, na nilisaini nimepokea zote pale tu awamu ya tatu ilipoingia. Wakili angesema mahakama ingenipa zaidi. Huenda. Nilitaka kurudi kwenye jiko langu.

Ile 20,000 uliyopokea haijakuharibia kitu mradi hukusaini karatasi. Mtumie ujumbe wa simu leo, kwa adabu, useme umepokea 20,000 kama sehemu ya gharama za matibabu ya binti yako aliyeng'atwa na mbwa wake jana, na kwamba gharama zinaendelea. Taja saa na mahali. Akijibu, hata kwa neno moja, usiufute.